Kumaliza Soli ya Kiatu kwa Zana za Mkono

Mtu anunuapo kiatu hukitazama kwanza juu: rangi ya ngozi, mishono yake na mng'ao wake. Fundi wa viatu hukipindua akatazama chini. Huutazama ukingo wa soli pande zote, hupitisha kidole gumba juu yake, kisha huangalia mahali soli ikutanapo na ngozi ya juu. Kwa kufanya hivyo hutambua mara moja kama kiatu kimemalizwa na mtu ajuaye kazi yake, na kama kitastahimili mvua za masika au la.

Kazi ya kumaliza soli huanza pale ambapo watu wengi hudhani kazi imekwisha. Soli imekwisha kushonwa, kisigino kimegongwa misumari, kiatu chaweza kuvaliwa. Lakini ukingo wa soli bado una alama za kisu, nyuzi za ngozi zimechomoza, na kisigino kina tabaka zilizopishana. Fundi asiyejali hupaka rangi nyeusi juu ya makosa hayo yote na kumpa mwenye kiatu kiatu chake. Fundi ajaliye huchukua saa nyingine moja au mbili. Makala haya yaeleza kazi ya saa hizo, na zana zitumikazo.

SABABU YA KAZI HII

Ngozi imefanyizwa kwa nyuzi nyembamba sana zilizosukana pande zote. Uso wake wa juu, yaani ule uliokuwa na manyoya, umefungamana sana, na maji hayaupenyi upesi. Lakini soli ikatwapo, ukingo wake huonyesha ncha za nyuzi zilizo wazi, mfano wa mganda wa nyasi za kuezekea uliokatwa kwa panga. Maji huingia kwa njia ya ncha hizo na kusafiri ndani ya soli mpaka kuufikia uzi ulioishona. Uzi ukaao majini siku baada ya siku huoza. Mshono mmoja hukatika, kisha wa pili, na baada ya muda soli hufunguka mbele kama mdomo.

Kiatu cha namna hiyo ni aibu kwa mwenyewe, lakini hasara yake si aibu tu. Minyoo iletayo safura hupenya katika ngozi ya mguu ukanyagao udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, na funza nao huingia katika miguu isiyofunikwa. Mkulima aliyelipa fedha ili kiatu chake kitiwe soli mpya, kisha soli hiyo ikafumuka kabla ya mavuno, amepoteza fedha zake na kinga ya miguu yake pamoja.

Basi kumaliza soli ni kufanya mambo matatu. Kwanza, kuupa ukingo umbo lililo sawa. Pili, kuzibana nyuzi zake zishikamane. Tatu, kuziba nafasi iliyobaki kwa nta, ili maji yasipate njia. Mng'ao uonekanao mwishoni ni dalili ya kwamba mambo hayo matatu yamefanyika; peke yake haumkingi mtu na kitu chochote.

ASILI YA ZANA HIZI

Afrika ya Mashariki ina mafundi wake wa ngozi tangu zamani. Makubadhi ya pwani yalishonwa kwa mkono na mafundi wa Lamu na Unguja, na mafundi wa bara walikata ndara za ngozi ya ng'ombe. Lakini kiatu cha kufunika mguu, chenye soli nene na kisigino cha tabaka, kilikuja pamoja na zana zake kutoka Ulaya. Zana hizo ni za zamani. Mwaka 1767 Mfaransa aitwaye Garsault alichapisha kitabu kizima juu ya kazi ya mshona viatu, chenye picha za vifaa vilivyotumika katika siku zake, na fundi wa leo akizitazama hukuta vingi avijuavyo.

Katika Uingereza, mji wa Northampton ulijulikana kwa viatu, na mji wa Sheffield ulijulikana kwa vyuma vya kutengenezea viatu hivyo. Sheffield ilipata sifa hiyo hasa baada ya Benjamin Huntsman, katika miaka ya 1740, kugundua njia ya kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu, akapata chuma kilicho sawa ndani na nje. Visu, tupa na pasi za washona viatu zilizofuliwa Sheffield zilisafirishwa kwenda nchi nyingi.

Baadaye mashine zilianza kuichukua kazi hiyo hatua kwa hatua. Mwaka 1858 Mmarekani Lyman Blake alipata hati ya mashine ya kushona soli. Mwaka 1883 Jan Matzeliger, aliyezaliwa Suriname na mama mwenye asili ya Kiafrika, alipata hati ya mashine ya kuivuta ngozi ya juu na kuikaza juu ya kalibu, kazi ambayo watu wengi walisema haiwezi kufanywa ila kwa vidole vya binadamu. Mashine za kupunguza na kung'arisha ukingo nazo zilienea katika viwanda. Hata hivyo, mashine ya kiwandani haifai kwa fundi mwenye jozi tatu za kutengeneza kwa siku chini ya mwembe. Kwake yeye, zana za mkono ndizo kiwanda.

NGOZI IFAAYO

Kabla ya kushika zana, fundi hana budi kuijua ngozi aliyo nayo. Ngozi ya soli iliyo bora ni ile iliyotengenezwa kwa maji ya magome ya miti. Miti mingi ina dawa hiyo. Katika Kenya magome ya miwati yamekuwa yakitumika kwa kazi hiyo na dawa yake kuuzwa nchi za nje, na magome ya mikoko ya pwani nayo yalisafirishwa kwa meli kwa ajili hiyo. Ngozi ya namna hii ikikatwa, huonekana rangi ya kahawia tangu juu hata chini. Hukubali kupigwa nyundo, hushika umbo, na ukingo wake hung'aa usuguliwapo.

Ngozi iliyotengenezwa kwa chumvi za kromu huonyesha rangi ya buluu au kijivu ndani ikatwapo. Ni laini na nzuri kwa sehemu ya juu ya kiatu, lakini ukingo wake haushikamani vema kwa pasi. Na soli ya mpira haina nyuzi za kubana wala haihitaji nta. Kwa mpira, fundi hulowesha kisu kwa maji ili kiteleze, hukata, husawazisha kwa tupa na msasa, na kazi imekwisha. Ajaribuye kupiga pasi ya moto juu ya mpira atapata moshi na harufu mbaya, wala hatapata faida.

Unene wa soli nao wahusu zana. Mafundi wa Uingereza walikuwa na kipimo chao walichokiita kwa jina la chuma. Chuma 1 ni sehemu moja katika 48 za inchi. Soli ya vyuma 9 ina unene wa 3/16 ya inchi, yaani karibu milimita 5. Fundi alihitaji kukijua kipimo hicho, kwa maana pasi ya ukingo lazima ilingane na unene wa soli.

ZANA NA MATUMIZI YAKE

Nyundo. Nyundo ya fundi wa viatu ina uso mpana, uliovimba kidogo katikati na usio na kona. Nyundo ya seremala haifai, kwa sababu kona zake huacha makovu juu ya ngozi. Pamoja na nyundo hutumika jiwe laini la kuweka mapajani au mguu wa chuma wenye kusimama. Ngozi hupigwa ili nyuzi zake zibanane. Soli iliyopigwa vema huchakaa polepole kuliko soli iliyoachwa kama ilivyotoka dukani.

Kisu. Huwa kifupi, chenye ubapa mwembamba na makali ya kunyoa. Kisu butu ni hatari kuliko kisu kikali, maana fundi hukisukuma kwa nguvu, kikiteleza humkata mkono au huikata ngozi ya juu, na ngozi ya juu ikisha kukatwa hakuna dawa. Kipande cha ngozi ngumu hufungwa katika kiganja au kidole gumba cha mkono ulioelekewa na makali.

Tupa. Tupa ya washona viatu ina upande mmoja bapa na upande wa pili uliovimba. Nusu ya kila upande ina meno makubwa ya kula ngozi upesi, na nusu nyingine ina meno madogo ya kulainisha. Hivyo tupa moja ni sawa na tupa nne. Upande bapa hutumika kwa ukingo wa mbele na nyuma ya kisigino; upande uliovimba hutumika mahali soli inapopinda kuingia ndani, chini ya uvungu wa wayo, na kwa uso wa mbele wa kisigino.

Kioo. Kipande cha kioo cha dirisha ni zana ya thamani ingawa hakina bei. Makali yake mapya hukwangua alama za tupa na kuacha ukingo laini. Kioo hufungwa katika kitambaa kizito kabla ya kuvunjwa ili vipande visiruke machoni, kisha huchaguliwa kipande chenye makali yaliyopinda kidogo. Kikisha kuwa butu hutupwa katika shimo, wala hakiachwi penye watoto.

Msasa. Kabla ya karatasi ya msasa kufika, watu wa nchi hizi walilainisha miti kwa majani makavu ya mti uitwao msasa, ambayo ni makwaruzo mno, na karatasi ikarithi jina la mti. Karatasi ya msasa huuzwa kwa namba. Namba ndogo, kama 80, ina chembe kubwa; namba 120 ni laini kuliko hiyo, na 220 ni laini zaidi. Fundi huanza na namba ndogo na kupanda, wala haruki.

Kisu cha kona. Hiki ni chuma kidogo chenye mfereji mkali wa kukatia. Kazi yake ni kuondoa ule upindo mwembamba wa ngozi unaobaki juu na chini ya ukingo baada ya tupa na kioo. Fundi asiye nacho aweza kutumia ncha ya kisu kikali, ila mkono wake uwe umezoea.

Pasi ya ukingo. Hii ndiyo zana kuu ya kumalizia. Ni chuma kifupi chenye mpini wa mti. Uso wake una mfereji uliolingana na unene wa soli, na kila upande wa mfereji una mdomo mdogo. Mdomo mmoja huingia kati ya soli na ngozi ya juu, na mdomo wa pili hukaa chini ya soli. Pasi ipitapo hubana ukingo katikati na wakati huo huo huacha mstari safi juu na chini. Fundi kamili huwa na pasi kadhaa: pana kwa sehemu ya mbele, nyembamba kwa sehemu ya katikati ya soli, na nyingine isiyo na mfereji kwa kisigino. Uso wa pasi lazima ung'ae kama kioo, kwa kuwa kila mkwaruzo ulio juu ya chuma utaonekana juu ya ngozi.

Kigurudumu cha meno. Ni gurudumu dogo la shaba au chuma lililofungwa katika mpini. Hupitishwa likiwa na moto kidogo juu ya ukanda wa ngozi unaozunguka kiatu, mahali mishono inapoonekana. Meno yake hubana ngozi kati ya mshono na mshono, na mishono husimama mmoja mmoja kwa utaratibu. Idadi ya meno lazima ilingane na idadi ya mishono: penye mishono 8 katika inchi moja, kigurudumu cha meno 12 katika inchi kitaharibu kazi.

Mfupa. Ubavu wa ng'ombe uliochemshwa, ukakwanguliwa na kulainishwa kwa msasa, hufaa sana kwa kusugulia uso wa chini wa soli na mahali pasipoingia pasi. Mti mgumu uliolainishwa hufanya kazi ile ile.

Nta. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 64 za sentigredi. Mafundi huichanganya na masizi ili ipate weusi, na vitu vingine vya kuifanya ngumu, kisha huifinyanga iwe donge. Nta ya nyuki haikosekani katika Afrika ya Mashariki. Tabora, kwa mfano, imejulikana kwa asali na nta kwa miaka mingi.

MPANGO WA KAZI

Kiatu hukaa juu ya faroma yake au juu ya mguu wa chuma wakati wote wa kazi, ili kisipoteze umbo. Ngozi ya juu hufunikwa kwa kitambaa au ukanda wa ngozi chakavu, ili tupa isiiguse.

Kwanza, soli hutiwa unyevu. Hailoweshwi mpaka ikavuja maji. Hupakwa maji, hufungwa katika kitambaa, na kuachwa mpaka rangi yake ikaribie kurudi ilivyokuwa, lakini iguswapo bado ni baridi. Hapo hupigwa nyundo kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa mapigo mengi mepesi. Mapigo machache ya nguvu huacha mashimo.

Pili, ukingo hukatwa kwa kisu kuufuata mzunguko wa kiatu. Fundi huacha ngozi kidogo nje ya mstari anaoutaka, kwa kuwa tupa, kioo na msasa vyote vitakula sehemu yao. Makosa ya mwanafunzi huanzia hapa: hukata mpaka mstari wa mwisho, kisha tupa humfikisha kwenye mshono.

Tatu, tupa. Huanzia meno makubwa na kumalizia meno madogo, na mkono huenda njia moja kufuata urefu wa ukingo. Kisigino hufanywa wakati huu pia, mpaka tabaka zake zote zionekane kama kipande kimoja. Viatu viwili huwekwa pamoja na kulinganishwa mara kwa mara, kwa maana ni rahisi kumaliza cha kulia vizuri na kisha kugundua kwamba cha kushoto ni chembamba kuliko mwenzake.

Nne, kioo, kisha msasa. Baada ya msasa wa kwanza ukingo hupakwa maji kidogo. Nyuzi zilizolala zitainuka, na ukingo uliokuwa laini utakuwa na manyoya tena. Hilo halimkatishi tamaa fundi. Hungoja ukauke, akapitisha msasa ulio laini zaidi, akarudia. Baada ya mara mbili au tatu nyuzi hazisimami tena.

Tano, upindo wa juu na wa chini huondolewa kwa kisu cha kona. Kisha ukingo hutiwa unyevu, na pasi iliyo baridi au yenye joto kidogo tu hupitishwa kwa nguvu mbele na nyuma. Hatua hii ndiyo ibanayo nyuzi na kuupa ukingo umbo lake.

Sita, rangi. Wino wa viatu huuzwa, lakini fundi wa kijijini aweza kutengeneza rangi nyeusi mwenyewe. Misumari michakavu hutiwa katika siki ndani ya chupa isiyofungwa kwa nguvu, ikaachwa siku kadhaa. Maji yake, yakipakwa juu ya ngozi iliyotengenezwa kwa magome, huigeuza nyeusi mara moja, kwa sababu chuma kilichoyeyuka huungana na dawa ya magome iliyo ndani ya ngozi. Weusi huo hauko juu tu, umeingia ndani. Ngozi hufutwa baadaye kwa kitambaa chenye maji safi na kuachwa ikauke kabisa. Kwa sababu iyo hiyo, fundi atakaye ukingo wa rangi ya kahawia asiache chuma chenye kutu kikae juu ya ngozi mbichi. Doa jeusi litakaloingia halitatoka.

Saba, nta na moto. Pasi hupashwa juu ya taa ya spiriti au pembeni mwa jiko la makaa, na kujaribiwa juu ya donge la nta. Nta ikiyeyuka bila moshi, joto latosha. Ikitoa moshi, pasi ni ya moto mno na lazima ipoe. Nta husuguliwa juu ya ukingo mkavu, kisha pasi huipitia kwa mwendo usiosimama, ikiyeyusha nta na kuisukuma ndani. Ngozi yenye maji huungua kwa joto dogo kuliko ngozi kavu: husinyaa, huwa ngumu kama pembe, kisha hupasuka. Kwa hiyo pasi ya moto haigusi ukingo uliolowa, na pasi haisimami mahali pamoja hata kwa kupepesa macho.

Nane, kigurudumu hupitishwa juu ya ukanda, uso wa chini wa soli hukwanguliwa kidogo kwa kioo, hupigwa msasa, hupakwa nta na kusuguliwa kwa mfupa. Mwisho, ukingo hufutwa kwa kitambaa cha pamba kikavu mpaka ung'ae.

AFYA YA FUNDI

Kuna jambo moja ambalo mafundi wa zamani hawakulijua. Vumbi litokalo kwa tupa na msasa si vumbi la kupuuzwa. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka vumbi la ngozi miongoni mwa vitu vijulikanavyo kusababisha saratani kwa binadamu, nayo ni saratani ya matundu ya pua. Ajali ya kisu huonekana siku ile ile, lakini dhara la vumbi huja baada ya miaka mingi, wakati fundi amekwisha kusahau lilikotoka.

Kinga yake si ya gharama kubwa. Fundi hufunika pua na mdomo kwa barakoa atumiapo tupa na msasa. Hukaa mahali penye hewa, na upepo ukitoka nyuma yake. Hafagii vumbi kavu, bali huliokota kwa kitambaa chenye maji. Wala hapulizi ukingo kwa mdomo ili kuondoa unga, ingawa desturi hiyo imeenea, kwa sababu apulizapo unga humrudia usoni. Mwanafunzi anayefagia chini ya meza ya fundi apewe kinga kama bwana wake, kwani huvuta vumbi zaidi yake.

KAZI HII SIKU HIZI

Katika masoko kama Gikomba, Nairobi, viatu vya mitumba huwasili kwa wingi kutoka nchi za nje. Miongoni mwake huwamo viatu vya ngozi vilivyoshonwa kwa ukanda, ambavyo mwenyewe wa kwanza alivitupa kwa kuwa soli imekwisha. Viatu vya namna hiyo vilifanyizwa tangu mwanzo ili viweze kutiwa soli mpya. Fundi ajuaye kumaliza ukingo akipata kiatu kama hicho hukirudisha katika hali ya kuvaliwa miaka mingine. Asiyejua hukibandika mpira kwa gundi, na kiatu kizuri huwa kibaya.

Zana nazo si lazima zitoke mbali. Mhunzi wa Kamukunji au wa soko lolote aweza kufua pasi ya ukingo, fundi akimpelekea kipande cha soli kiwe kipimo cha mfereji. Kilichobaki ni kuung'arisha uso wake kwa msasa wa namba kubwa mpaka usiwe na mkwaruzo. Mfupa watoka kwa muuza nyama, kioo chatoka katika dirisha lililovunjika, na nta yatoka mzingani. Kisu kizuri na tupa nzuri ndivyo vitu viwili ambavyo fundi hana budi kuvitolea fedha bila kusita.

Kazi ikisha kumalizika, fundi asitegemee mng'ao kumwambia kama imefaa. Atie tone moja la maji juu ya ukingo wa soli, mbele, mahali mguu unapokunjia kiatu. Tone likisimama kama umande juu ya jani la gimbi, ukingo umefungwa. Likizama na kuacha alama ya giza, nyuzi bado zina njia, na kiatu kirudi kwenye nta na pasi kabla hakijarudi kwa mwenyewe. Mwenye kiatu naye aweza kufanya jaribio hilo hilo pale pale mbele ya fundi, kabla ya kulipa.